Lastiki ya Sketi Kwenye Taya la Dada

Dada yangu ni mpole mpaka anakera, lakini mtaa mzima unamwogopa. Kosa ni la taya. Taya lake la chini limetangulia mbele, meno ya chini yameyafunika ya juu, na kidevu kimechomoza kama cha mtu anayekwambia, "Haya, rudia ulichosema." Kumbe mwenzako wala hana habari na wewe, anawaza vifungo vya nguo anayoshona. Wateja wakampachika jina la Bi Kununa. Wanalisema akishageuka tu, tena kwa kunong'ona.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Yeye cherehani yake iko dirishani, mimi niko mlangoni natengeneza simu, na katikati kuna pazia la wateja kujaribia nguo. Sasa dada, nampenda, lakini hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Mteja anaingia mbio, ameshajiandaa kufoka, dada anainua uso amtazame. Mteja anameza mate. "Nilikuwa napita tu, fundi. Wala hamna haraka." Anatoka kinyumenyume. Mimi nilikuwa nikicheka peke yangu pale mlangoni mpaka bisibisi inanidondoka.

Kwa biashara ile ungesema taya libaki hivyohivyo. Tatizo lilikuwa kula. Meno yake ya mbele hayakutani inavyotakiwa, kwa hiyo nyama anaivutia pembeni, anainamisha kichwa, anahangaika nayo, mwisho anaimeza kama kidonge. Yale ya mbele yalikuwa yanasuguana vibaya, yakaanza kuwa mafupi. Halafu pale karibu na sikio pakaanza kulia ka, ka, kila akipiga miayo. Kichwa kinamuuma asubuhi na jioni. Ikafika mahali chakula chake cha mchana ni ndizi mbivu na chai.

Akasema ataenda hospitali. Mama akasikia, akaweka mikono kiunoni. "Kidevu hicho ni cha baba yako. Unakipeleka wapi?"

"Mama, nataka kutafuna tu."

"Baba yako alitafuna nacho mpaka akafa."

"Alikufa na njaa huyo," nikasema, na mama akanirushia kandambili.

Hospitali ya kwanza tulimkuta daktari mzee, mikono mikubwa kama ya fundi magari. Hata salamu hakumaliza. Akamshika dada shavu, akachora kwa kidole: hapa tunakata mfupa, na hapa tunakata, tunarudisha nyuma, tunafunga kwa skrubu. Anavyosema utadhani anaelezea njia ya kwenda sokoni. Dada akatoka pale rangi imemtoka usoni. Kwenye korido akaniambia, "Mimi nakata vitambaa kila siku. Kitambaa ukishakikata umekikata. Ukikosea hakuna wa kukurudishia."

"Hutakatwa," nikamwambia, kwa sauti, na mlinzi akaniambia nipunguze kelele, na mimi nikamuuliza kelele gani, na tukatolewa nje wote wawili.

Mteja mmoja ndiye aliyetuelekeza kwa daktari wa kupanga meno, hospitali nyingine. Mwanamke kijana, mwembamba, anaongea taratibu. Huyo alianza kwa kumkalisha dada vizuri.

"Dada, rudisha taya nyuma kadiri unavyoweza. Usijiumize. Sasa uma."

Dada akarudisha, uso ukajikunja wote. Meno ya mbele yakagusana, ncha kwa ncha. Padogo tu, lakini yakagusana.

"Aa," daktari akasema. "Hapo nina pa kuanzia. Yasingegusana ningekurudisha kulekule ulikotoka."

Akatueleza bila kuficha. Mtu mzima mfupa wake umeshakomaa, taya halirudi nyuma kwa dawa wala kwa vyuma. Meno ndiyo yanayosogea. Ya juu atayaleta mbele, ya chini atayalaza nyuma, mpaka yapishane. Atamfunga vyuma na waya, na kila upande atavaa kilastiki kidogo kutoka gego la juu mpaka chonge la chini, usiku na mchana, anakitoa akila tu na akipiga mswaki.

Dada akafikiri. "Kwa hiyo unapunguza bila kukata."

"Ee."

"Kama kukunja pindo kwa ndani."

Daktari akacheka. "Kama hivyohivyo."

Alikosea sana kusema vile. Fundi usimwambie kazi yako inafanana na yake. Kuanzia siku hiyo anakuwa mwenzako.

"Lakini sikudanganyi," daktari akaendelea. "Mwaka ukiisha nitakupima tena unavyouma. Meno ya juu yakiwa hayajapita mbele ya haya ya chini, mimi nitakuwa nimefika mwisho. Utaenda kwa mwenye kisu."

Dada akashika ukingo wa kiti. "Na nikivaa kila kitu unachoniambia?"

"Ndiyo maana nakwambia uvae."

Basi akafungwa vyuma. Juu ya magego wakamwekea vivimbe vya saruji ya bluu, ili meno ya mbele yapate nafasi ya kupishana bila kugongana. Mwezi wa kwanza akifunga mdomo anaonekana kama mtu aliyeweka kokoto mdomoni akasahau. Anaongea mate yanaruka. Wateja wakaogopa zaidi, maana sasa Bi Kununa ana chuma.

Shida haikuwa maumivu. Shida ilikuwa mkono. Daktari alimkataza vitu viwili: asikate uzi kwa meno, na asibane pini mdomoni. Sasa huyu ni mtu ambaye tangu ajifunze kushona mdomo wake ndio droo yake. Pini mdomoni, sindano mdomoni, chaki mdomoni, na uzi anakata kwa meno ya pembeni, kichwa kimelala begani. Hafikirii. Mdomo unajiendea wenyewe.

"Dada, mdomo!"

"Nimesahau."

"Dada, mdomo!!"

"Usinipigie kelele mbele ya wateja, mdogo wangu."

Ndipo akaja mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mwanamke mkubwa, miwani iko nchani mwa pua, na katika mtaa mzima ni yeye pekee asiyemwogopa dada. Alikuwa amekuja kwa mara ya nne kufuatilia gauni lake la kwenye mkutano wa wazazi, na siku hiyo akakataa kuondoka. Akalivaa, akasimama katikati ya chumba kama mnara, akasema, "Malizia pindo hapahapa mwilini. Natoka nalo."

Dada akapiga magoti. Akashona, akashona, akazunguka nyuma, akafunga fundo. Halafu nikamwona anainamisha kichwa begani.

"Dada, m..."

Nimechelewa. Ameshauma uzi.

Uzi haukukatika. Ulikuwa ule uzi mgumu wa kushonea jinzi, tena ameukunja mara mbili. Ukaingia chini ya waya, ukazunguka kichuma kimoja, ukakaza. Dada akavuta kichwa. Gauni likamfuata. Akasogea mbele uzi ulegee, ukakaza zaidi.

"Fundi, umemaliza?" mwalimu mkuu akauliza, macho yake ukutani.

"Mm-mm."

"Mbona umebaki hukohuko?"

"Mmm!"

"Fundi, kuna nini huko chini? Unaning'ata?"

Nikachukua kibano changu cha simu na ile lenzi yenye taa, nikajitupa sakafuni pembeni ya dada. "Mwalimu, tafadhali usitembee."

"Natembea vipi na mtu ameniuma gauni?"

Nimeinua mkono tu, mteja akaingia. Yule wa suruali mbili, ambaye alishapita mara nyingi kusema hana haraka. Akamkuta Bi Kununa amepiga magoti, meno yamekamata gauni la mwalimu mkuu, anaunguruma, na mimi nimelala chini namulika taa. Aligeuka mbio. Aliacha hata kiatu kimoja pale mlangoni.

Mwalimu mkuu akageuka aone nani kaingia. Akageuka haraka. Tukasikia *tik*. Dada akakaa chini ghafla, ameshika mdomo, na kichuma chake kinaning'inia kwenye pindo la gauni kama kipambo.

Mwalimu mkuu akavua miwani, akakitazama kile kichuma. "Hiki nilipe au nirudishe?"

Mpaka jioni habari ilikuwa imeshaenea kwamba fundi amemng'ata mwalimu mkuu kwa sababu ya kudai gauni. Watu waliokuwa na nguo zao pale wakatuma watoto wazifuate.

Daktari hakucheka. Alikibandika upya akiwa amenyamaza, na dada ni bora umtukane kuliko unyamaze. Mwisho daktari akasema, "Kila kikibanduka, jino linapumzika na linarudi lilikotoka. Huo muda mimi sina pa kuutoa, dada. Mwaka ni uleule."

Tukarudi dukani. Akakaa kwenye cherehani, hakushona. Nikajua anaona kisu. Nikamwambia asiwaze, akasema hawazi. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana dada akisema hawazi ujue ameshapata wazo.

Baada ya hapo akawa mtu wa ajabu. Mdomo haufungui. Mteja akimsalimu anaitikia kwa pua. Mimi nikitania, na mimi natania vizuri, anacheka kwa mabega, mdomo ameufunika kwa tepu ya kupimia. Nikadhani ana aibu ya mambo ya mwalimu mkuu. Nikamwacha. Siku moja nikampelekea ndizi yake ya mchana, akaitazama kama adui.

"Kula."

Akatikisa kichwa.

"Kula, dada, usinitie hasira."

"Hihunguki," akasema.

"Nini haifunguki?"

Akaonyesha taya.

Nikachukua lenzi. Nikamvuta mdomo wa pembeni kwa kidole. Haki ya Mungu, nilichokiona sikukielewa. Badala ya kile kilastiki chembamba cha daktari kulikuwa na mkanda mweupe, mpana, wenye mstari wa bluu katikati. Kila upande. Na miishoni umeshonwa vitanzi, vishono vidogo vidogo, safi, utadhani kazi ya mashine.

"Dada. Hiyo ni nini?"

Akageuzia macho kwenye cherehani.

"Hiyo ni lastiki ya nini?"

"Hya hketi."

"Ya sketi?"

"Hya huleni."

Damu ikanichemka. "Umevaa sketi ya shule mdomoni?"

Nikamvua vile vitu kwa kibano, huku nafoka na yeye ananipiga mikono. Mdomo ulipoachia ndipo akapata nafasi ya kujitetea. "Sasa wewe fikiria! Sketi hii mtoto anaivaa, anaruka kamba kutwa nzima, haiteremki. Vile vya daktari vimetoka wapi? Vile ni vya kufungia nywele za panya. Tumepoteza muda, nikasema niongeze nguvu. Nguo ikikataa kukaa si unabadilisha lastiki?"

"Wewe si nguo!"

"Mwenyewe alisema ni kama pindo!"

Sikusubiri siku ya miadi. Nilifunga duka, nikamshika mkono, nikaenda naye. Pale mapokezi wakaniambia daktari ana mtu, nikawaambia na mimi nina mtu, tena amejishona. Wakatuingiza.

Daktari akachukua zile lastiki kwenye kiganja. Akazigeuza. Akavuta moja, ikaruka ikampiga kidole. "Hizi kashona nani?"

"Mimi," dada akasema, na nikamwona, pamoja na hali yote ile, anajisikia kidogo.

"Umeshona mdomoni?"

"Nimeshona mkononi, nikavalisha."

"Vishono vizuri," daktari akasema. Halafu akaweka ncha ya kifaa chake kwenye chonge la chini, akasukuma taratibu. Jino likacheza. Nililiona mwenyewe, likacheza kama kigingi kwenye mchanga.

"Umeliona?"

Dada alikuwa ameshika kioo. Aliliona.

"Jino halivutwi kama msumari," daktari akasema. "Linasukumwa kidogo. Mfupa upande mmoja unaliwa, upande wa pili unajengeka, jino linahamia taratibu. Ukivuta kwa nguvu haliendi haraka. Linalegea. Dada, wewe ukiwa unashona, uzi ukiuvuta sana inakuwaje?"

Dada akasema kwa sauti ndogo sana, "Kitambaa kinajikunja."

"Ndiyo. Umejikunja."

Akamwambia akae bila lastiki yoyote mpaka amwite. Jino likikaza, wataendelea. Lisipokaza, hakuna habari ya mwaka wala nini, atapanda ghorofa ya juu hapahapa, kwa wenye visu, na huko atafika na jino moja pungufu. Hakufoka. Angefoka ningemjibu. Nilikosa hata wa kugombana naye.

Kipindi kile ndipo nilipomwona dada akifanya kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa kuacha. Alitundika mkasi mdogo shingoni kwa utepe. Akajishonea kimto cha pini cha kuvaa mkononi kama saa. Kila mkono ukielekea mdomoni anaupiga kwa mkono wa pili, pa! Mteja anakaa anaeleza anataka mikono mirefu au mifupi, ghafla fundi anajizaba kofi mkononi, pa, halafu anasema, "Endelea, nakusikiliza." Wengi walichagua haraka.

Na mimi namlinda kama askari wa benki. Nikisikia yuko kimya nyuma ya pazia naruka. "Dada, fungua mdomo!"

"Najaribu blauzi!"

"Fungua hivyohivyo!"

Jino likakaza. Daktari akalisukuma, halikucheza, akamrudishia vile vilastiki vyake vya panya. Dada akavipokea kwa mikono miwili. Akavivaa kama alivyoambiwa, akavitoa akila, akavirudisha, na kimoja kikikatika hakukifunga fundo. Alichukua kingine. Mimi nilikuwa nikimtazama anavyokishika kile kilichokatika, anakivuta kidogo aone nguvu yake, vidole vinamwasha, anataka kukiboresha. Anakitupa. Anarudi kushona, amenuna kwelikweli safari hii.

Siku ya kupimwa alivaa gauni lake zuri. Kwenye benchi alikuwa ananyoosha mikunjo ambayo haipo.

"Kama ni kukatwa," akaniambia, "cherehani usimwazime mtu."

"Simwazimi."

"Sketi za wale mapacha ziko kwenye mfuko mweusi. Bado vifungo."

"Uliahidi lini?"

"Usiniongezee mawazo."

Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo. Lililokuja ni, "Wakikukata nachoma hii hospitali." Akanipigapiga goti, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Ndani, daktari akatoa vilastiki. Akashusha taa. "Uma. Hapana, usilisukume, liache lenyewe. Uma unavyouma nyumbani."

Dada akafumba macho, akauma.

Daktari akasogea karibu. Akageuza kichwa cha dada kushoto, akakigeuza kulia. Akachukua kipande cha karatasi nyembamba ya rangi, akakipitisha, akakivuta. Akakiinua kwenye taa. Mimi pale ukutani nimekunja ngumi, sijui nampiga nani.

"Tena."

Dada akauma tena.

"Ya juu yamepita," daktari akasema. "Si sana. Unene wa ukucha. Lakini yamepita, na yamekaa. Hupandi ghorofani."

Dada akafumbua macho, lakini hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. "Chukua lenzi yako."

"Dada, daktari ameshasema."

"Chukua lenzi, tazama vizuri."

Daktari akasogea pembeni, akanipisha. Nikainama, nikamulika. Meno ya juu yalikuwa mbele. Membamba yale, yameliwa nchani, yako mbele ya wenzake kama watu waliofika getini wa kwanza wasijue wafanye nini.

"Yako mbele," nikasema.

"Unaapa?"

"Naapa."

Ndipo akalia. Akalia mdomo wazi, na daktari akatumia nafasi hiyo kusafisha waya. Akamwambia vyuma bado vipo miezi mingine, na vikitoka atavaa kishikio cha usiku, hicho hakina mwisho, kwa sababu meno yana tabia ya kukumbuka nyumbani kwao. Dada akaitikia kila kitu. Akauliza na kidevu je. Daktari akamwambia kidevu hakijaguswa, ni kilekile.

"Basi mama atafurahi," dada akasema.

Nje ya geti kuna mwanamke anauza mikate. Dada hakuuliza bei. Akachukua mmoja, akausimamisha mbele ya mdomo kwa mikono miwili, akaupima kwa macho kama anayetaka kukata kitambaa cha gharama. Hakuinamisha kichwa. Akauma katikati, kwa meno ya mbele.

"Aai!"

Mdomo wake wa chini ulikuwa unatoka damu. Miaka yote ile ameuma kwa njia moja, na sasa meno yamehama, mdomo wenyewe haujaambiwa ukae wapi. Mwuza mikate akashtuka. "Mama, kuna kitu kwenye mkate?"

"Hamna," dada akasema, analia, anacheka, anajifuta kwa mkono. "Mkate mzuri."

Akajaribu tena, polepole. Safari hii kipande kikakatika. Akakitafuna pale barabarani, watu wanapita wanamkwepa, akakimaliza, akauma kingine.

Nikamwambia na mimi sijala tangu asubuhi, anigawie. Akaukumbatia mkate, akageukia ukuta, akaendelea kula.